Wimbo ni wa anayetunza: sauti na upinzani Zanzibar

Kila uchaguzi ukikaribia, mjadala uleule hurudi barazani. Wapo wanaoamini kwamba bila gari la matangazo, bila beni na bila vigelegele, mkutano wa kisiasa kwenye viwanja vya Tibirinzi au Kibandamaiti unageuka darsa. Wapo wanaosema muziki ndio unaotuponza: watu wanacheza, wanatoka jasho, wanarudi nyumbani wameridhika na madai yao yako palepale. Kila upande una lake la kweli, ila wote wanamtazama aliyeshika kipaza sauti. Kwa Zanzibar, mimi naona wa kutazamwa ni anayesikiliza.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, alirikodi santuri Bombay mwaka 1928. Taarab ilikuwa imeingia kwa Kiarabu, burudani ya kasri na wakubwa. Yeye akaiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe, wengi wao watoto wa waliokuwa watumwa. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni: muuaji akatorokea bara, sheria ikawageukia mashahidi. Humo hakuna kaulimbiu wala anayeambiwa aandamane. Mahakama inaelezwa ilivyo, basi. Na ni Ng'ambo hiyohiyo ambayo mwishoni mwa miaka ya 1920 wapangaji waligoma kulipa kodi ya viwanja. Sisemi wimbo ndio uliowagomesha, kodi yenyewe ilitosha. Lakini mtu aliyezoea kusikia hakimu akisemwa hadharani hamwogopi tena mwenye kiwanja kama alivyokuwa akimwogopa.

Ukitaka kuona kazi hiyo inavyofanyika, nenda kwenye taarab, muache mwimbaji, umwangalie anayetunza, yaani anayempelekea mwimbaji fedha. Wimbo ni wa mapenzi, au wa jirani mwenye kijicho. Ubeti wenyewe unafika. Mwanamke ananyanyuka safu ya nyuma, noti mkononi, anakwenda kwa madaha, anapita makusudi mbele ya aliyemkusudia, anatunza, anarudi kukaa. Hakutamka neno. Ukumbi mzima umeelewa, na akiulizwa atasema kaupenda wimbo tu. Siasa zikibana, ujuzi huo ni hazina. Maneno ni ya mtunzi, maana ni ya msikilizaji, na polisi hana pa kushika.

Kinga hiyo ina bei yake. Fumbo ambalo msemaji anaweza kulikana, msemwa naye anaweza kulipuuza. Mkubwa aliyelengwa anaweza hata kutunza, akacheka, akaenda zake. Tena kijembe hakichagui. Ulimi unaomsema dhalimu ndio huohuo unaomsema Mpemba kwa Upemba wake au mtu wa bara kwa ubara wake, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 tumeyasikia hayo majukwaani kupita kiasi.

Halafu nani anamlipa mpigaji? Khadija Kopa, aliyepitia Culture Musical Club hapa Unguja, alikuja kuwa sauti kubwa ya TOT, kikundi cha CCM kilichoongozwa na Kapteni John Komba. Ni kazi halali, na sauti ile haina mfano. Ila mara nyingi chama tawala ndicho chenye bendi, na wapinzani wana makofi. Anayedhani muziki kwa asili yake uko upande wa wanyonge ahudhurie kampeni moja tu.

Makofi nayo si haba. Machi 2019 Maalim Seif Sharif Hamad, kinara wa upinzani Zanzibar, alipokihama chama cha CUF kwenda ACT-Wazalendo, maneno ya mabaharia, "shusha tanga, pandisha tanga", yalitosha kuwahamisha watu wa CUF kwa maelfu, bendera zikabadilika mitaa kwa mitaa. Yalishika kwa sababu watu waliyachukua wakayafanya yao. Kinyume chake ni Januari 1964, John Okello, aliyejitangaza kiongozi wa mapinduzi, akiwaamrisha watu redioni kwa vitisho, wengi hata hawamjui sura. Sauti ile haikuhitaji wa kuitikia.

Mfano unaonishughulisha zaidi ni wa Novemba 2009. Siku chache baada ya kukutana na Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Abeid Karume, Ikulu, Maalim Seif alisimama Kibandamaiti kuwaambia wafuasi wake kuwa CUF sasa inamtambua Karume kuwa rais. Umati ukampigia kelele za kukataa. Kwa miaka walikuwa wameitikia kwamba hatambuliwi. Leo wanaambiwa wageuze wimbo katikati ya ubeti! Wanaosema hamasa za mikutano huwafunga mikono viongozi wana ushahidi wao hapa, na ni ushahidi mzito, kwani maridhiano yenyewe yaliandaliwa chemba, bila ngoma.

Lakini tarehe 31 Julai 2010 kura ya maoni ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilipita kwa zaidi ya asilimia 66, na Pemba, ngome ya Maalim, ilisema ndiyo kwa wingi mkubwa. Kwa hiyo kelele zile za Kibandamaiti sizihesabu kuwa kura ya hapana. Watu walitaka kuelezwa kilichozungumzwa Ikulu kabla ya kuitikia. Hapo ndipo ninapoachana na wanaotaka mikutano ya kimya: bila zile kelele, Maalim angeshuka jukwaani akidhani wamekubali.