Mwenzako Naye Ana Miguu

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Morogoro, anayemalizia mwaka wake wa kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja huko Marekani, aliniandikia. Alianza kwa adabu, shikamoo dada, habari za Tanga, shemeji hajambo, kisha yote yakamtoka kwa pumzi moja. Amempata mwenzake. Wanapendana kweli, si mchezo. Mkataba unaisha Mei, na kwenye viza yake kumeandikwa kwamba kanuni ya miaka miwili inamhusu. "Nifanyeje nibaki naye, dada?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi tangu niliporudi mwaka 2018. Na mimi nililiuliza kabla yao, tena kwa machozi, nikiwa nimekaa sakafuni kwenye chumba cha kupanga huku theluji ya Aprili ikianguka nje. Nilikwenda kwa mpango ule ule wa walimu wa lugha wa Fulbright, unaowachukua vijana wa Kenya na Tanzania wakafundishe Kiswahili vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo. Si mwanasheria mimi. Ninachokisema hapa nimekipitia, na pale penye sheria nimesoma zaidi ya nilivyopenda kusoma.

Tuanze na hiyo kanuni, maana wengi tunaibeba bila kuifungua. Viza ya J-1 ni ya mgeni wa kubadilishana elimu na utamaduni. Wapo wanaoipata wakarudi kwao bila deni lolote. Lakini kifungu cha 212(e) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinawafunga watu wa aina tatu: aliyefadhiliwa na serikali, iwe ya Marekani au ya kwao, ambaye fani yake imo kwenye orodha ya ujuzi unaohitajika nchini kwake, na daktari aliyekwenda kufanya mafunzo ya kitabibu. Ukiwa mmoja wao, lazima ukae nchini kwako jumla ya miaka miwili kabla ya kupata grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), viza ya mchumba, au viza za kazi za H-1B na L-1. Na ukiwa bado umo ndani ya Marekani huwezi kubadili hadhi yako kuwa mwanafunzi au kitu kingine, isipokuwa kwa milango michache sana.

Ndoa haiifuti kanuni hiyo. Hapo ndipo watu wanapoumia. Mtu anaolewa na raia wa Marekani, anapiga picha na cheti, anadhani yamekwisha, kumbe ombi la grini kadi litarudi na kifungu kile kile. Mtoto akizaliwa huko naye hakifuti. Mwenzangu mmoja wa miaka ile alikwenda na mume na watoto kwa viza za J-2, zile za familia ya mwenye J-1, akashangaa kusikia kwamba hata hao kanuni imewakumba pamoja naye.

Kuna dhana nyingine inayotembea sana, kwamba mtu akikaa Kanada miaka miwili amemaliza. Hajamaliza. Siku za Toronto hazihesabiwi. Zinazohesabiwa ni za nchi ya uraia wako, au ya ukaazi wako wa kudumu wakati ulipoingia kwenye mpango. Afadhali siku zenyewe si lazima zifuatane: ukikaa miezi minane, ukasafiri, ukarudi, zinajumlishwa. Kwa hiyo kijana aliyekwenda akiwa wa sekondari kwa mpango wa YES, ule wa Marekani wa kubadilishana wanafunzi, akarudi kumalizia shule, mara nyingi amelilipa deni lake bila kujua kuwa alikuwa nalo.

Sasa maoni yangu.

Siichukii kanuni hii kama inavyochukiwa na wengi. Ilianza mwaka 1956, ikaingizwa vizuri zaidi katika sheria ya mwaka 1961, na nia yake inaeleweka hata kwetu. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila akabaki huko huko, alisema Mwalimu, huyo ni msaliti. Mimi nimekulia kwenye maneno hayo. Niliposaini DS-2019, fomu ya kuingia kwenye mpango wa J-1, sikuona ubaya wa kuahidi kurudi.

Kinachonikera ni kwamba sheria inahesabu siku tu, haiulizi chakula. Ningeweza kulala Tanga miaka miwili nikitazama dari, na ningekuwa nimetimiza. Washiriki wa Mandela Washington, mpango wa Marekani wa viongozi vijana wa Afrika, huenda wiki sita, nao hurudi na deni la miaka miwili sawa na aliyesoma shahada nzima. Na pale Marekani yenyewe inapokuwa na shida, kanuni inalegea mara moja. Kila jimbo linaweza kuwaombea madaktari 30 kwa mwaka msamaha wa kanuni hii, wasilazimike kurudi kwao, mradi daktari akubali kufanya kazi miaka mitatu mahali penye uhaba wa waganga. Yaani daktari aliyeandikiwa barua na wizara ya afya ya kwao kwamba anahitajika nyumbani, anasamehewa kwa kuwa anahitajika zaidi kwenye kijiji cha North Dakota. Sina kinyongo na wagonjwa wa North Dakota. Ila usiniambie tena kwamba jambo hili linahusu maendeleo ya nchi yangu.

Mwenye mume au mke hana jimbo la kumwombea. Njia yake ni kuthibitisha kwamba mwenzake, aliye raia au mwenye grini kadi, atapata adha ya kupindukia. Atapata upweke? Haitoshi. Lazima uonyeshe adha hiyo kwa pande mbili: kwanza ikiwa mwenzako atakufuata kwenu, pili ikiwa atabaki kwao peke yake. Ninawajua walioandika kurasa nyingi kueleza kwa nini mtu hawezi kuishi Tanzania. Malaria, hospitali, barabara, maji, umeme. Mmoja alinitumia rasimu yake niisome, nikaishia ukurasa wa tatu. Alikuwa ameuchora mji wake kama jehanamu, mji ambao mama yake anaamka kila siku anafagia uwanja, anachemsha chai, anakwenda sokoni. Msamaha hakuupata, na maneno yale hayafutiki.

Njia nyingine ni barua ya serikali yako kwamba haina pingamizi. Kwa aliyenaswa na orodha ya ujuzi peke yake, barua hiyo mara nyingi inafua dafu, na tangu tarehe 9 Desemba 2024 orodha yenyewe imepunguzwa, China, India, Brazili na Afrika Kusini zikaondolewa. Kwa aliyelipiwa na serikali ya Marekani, kama sisi wa Fulbright, barua ya ubalozi wa Tanzania haimtishi mtu. Aliyetoa hela ndiye anayekudai, na hela haikutoka Dodoma.

Kwa hiyo nilimjibu yule kijana kwa swali. Nilimwandikia: marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza ufanyeje ubaki naye huko. Je, wewe umemuuliza kama yuko tayari kuja huku?

Hilo ndilo neno langu katika makala hii yote. Kanuni inakurudisha wewe. Haimkatazi yeye kukufuata. Lakini katika maswali yote niliyotumiwa kwa miaka hii, sijaona hata moja linaloanza na "tunafikiria kuishi Tanzania". Tumekubali sote, sisi na wapenzi wetu, kwamba mapenzi yana mwelekeo mmoja kama mto, na kwamba anayehama ni yule mwenye pasipoti dhaifu. Mmarekani anasema atakufuata hata mwisho wa dunia, ukimwambia mwisho wa dunia ni Morogoro anauliza habari za intaneti.

Mimi mwenzangu niliogopa kumuuliza. Alikuwa akifanya kazi maktaba, mtu wa ratiba, mtu wa kahawa yake saa moja kamili asubuhi. Nikawa ninapanga misamaha kichwani bila kumshirikisha, hadi siku aliponiambia, "Mbona hunialiki kwenu?" Nikaona aibu. Kumbe nilikuwa nimeshaamua kwa niaba yake kwamba kwetu hapakaliki.

Alikuja mara nne katika miaka ile miwili. Mmarekani akija Tanzania hulipa dola 100 kwa viza ya mwaka ya kuingia mara nyingi, lakini kila akiingia asizidi siku 90. Tulifunga ndoa bomani. Tangazo likabandikwa siku 21 kama sheria inavyotaka, watu wa mtaa wakalisoma na kulijadili kuliko matokeo ya mpira. Alijifunza kuendesha baiskeli kwa mwendo wa Tanga, yaani polepole huku ukisalimia. Kiswahili chake cha darasani kilivunjwavunjwa na wauza samaki kikaundwa upya. Mama alimwona mtu mkimya, akamhukumu kuwa ana njaa, na hukumu hiyo haijabatilishwa mpaka leo.

Sitaki kupaka asali. Miezi ya katikati tuliyokaa mbalimbali ilikuwa mibaya. Aprili 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, naye yuko upande ule, na kwa wiki kadhaa hatukujua lolote. Tuligombana kwa simu kuhusu vitu vya kijinga, kama nani alikata simu kwanza. Akiba yake iliisha, yangu haikuwepo. Na nyumbani nako kuna sheria zetu zinazohitaji kusemwa: katika sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume aliyemwoa Mtanzania kama mimi njia hiyo hana. Kenya, kwa katiba yao ya mwaka 2010, mume na mke wako sawa, wakitimiza miaka saba ya ndoa wanaomba. Kwa hiyo tunapowalaumu Wamarekani kwa kuzitenganisha nyumba, tujitazame kidogo na sisi. Sheria yangu mwenyewe inaniambia kwamba nikitaka mume, nimchague hapa hapa.

Najua pia kwamba ushauri wangu haumfai kila mtu. Kuna mwenye mtoto wa ndoa ya kwanza, na amri ya mahakama inayomzuia kumhamisha. Kuna anayemuuguza mzazi. Kuna wapenzi ambao sheria zetu zenyewe zinawafunga jela, na kwao kuwaambia "njooni nyumbani" ni ukatili. Kuna wawili waliokutana huko wote kwa J-1, yeye Mnigeria anayefundisha Kiyoruba na wewe Mtanzania, na kanuni inamtaka kila mmoja akae kwao. Hao hawana raia wa kumwonea huruma kwenye fomu. Ila nao wakumbuke kwamba kanuni haijaifunga njia ya Lagos wala ya Dar es Salaam. Imefunga milango ya Marekani tu. Wakitaka kuishi pamoja Lagos, nani wa Washington atawauliza?

Wasichokubali wengi ni hicho: kwamba yawezekana kuishi na umpendaye bila kuishi Marekani.

Kwa anayesisitiza kutafuta msamaha, simzuii, ila aanze kwa kujua kama kweli kanuni inamhusu. Maandishi ya kwenye viza yamewahi kukosewa, huku na huku. Atazame kwenye DS-2019 yake nani alilipa. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ina kitengo kinachotoa maoni rasmi ukikiomba. Na asikurupuke: msamaha ukishapendekezwa, mpango wako wa J-1 hauongezwi tena muda. Ajue pia kwamba baada ya mpango kuisha ana siku 30 za kufungasha, na kwamba kubaki baada ya hapo bila hadhi ni kuongeza deni juu ya deni. Nimeona ndoa zikivunjika kwa hofu ya mlango kugongwa, wala si kwa umbali.

Siku zangu nilizihesabu kwa mihuri ya pasipoti, hati za mshahara wa shule niliyofundisha na barua ya serikali ya mtaa, nikaviweka kwenye bahasha ya kaki. Bahasha ipo kabatini. Hatujaomba kitu bado. Huenda tukaomba mwakani, huenda tusiombe. Sheria za kuingia kule hubadilika kila utawala ukibadilika, nami sipendi tena kupanga maisha kwa kusubiri barua ya mtu.

Kijana wa Morogoro alikaa kimya siku nne. Nikadhani nimemuudhi. Siku ya tano akaandika kwamba amemuuliza, na mwenzake amenyamaza usiku mzima, kisha asubuhi akauliza kama Morogoro kuna joto kuliko Texas.

Nikamwambia amjibu ukweli, ila amtajie na upepo wa Uluguru.