Skripti kwenye simu: tulipie nini hasa?

Filamu ndefu huchukua miaka kuandikwa. Rasimu ya kwanza inakamilika, inalala, mtu wa kutoa fedha anapatikana baada ya miaka mitatu, ndipo mwandishi anaifungua tena. Kwa hiyo anayeandikia kwenye simu ana haki ya kuuliza kama programu aliyoichagua itakuwa hai siku hiyo.

Watengenezaji wengi wanajibu: tulipeni kila mwezi. Jibu hilo lina uzito. Apple ilipotoa iOS 11, mfumo wa iPhone, mwaka 2017, programu za muundo wa zamani (biti 32) ambazo hazikuwa zimesasishwa ziliacha kufunguka. Android nayo, kuanzia toleo la 10, ikabana ruhusa za mafaili, na programu zilizozoea kusoma folda yoyote zikalazimika kutengenezwa upya. Google hudai kila mwaka programu zinazosasishwa Play Store ziende na Android ya karibuni. Aliyenunua mara moja miaka sita iliyopita hachangii kazi hiyo hata senti, na mara nyingi nyuma ya programu kuna mtu mmoja tu anayeifanya usiku baada ya ajira yake.

Lakini malipo ya kila mwezi hayanunui uhakika. Adobe Story, programu ya kuandikia skripti, ilikuwa na kampuni kubwa nyuma yake, watu wakiilipia, na bado ilifungwa Januari 2019. Wenye kazi zao humo ikabidi wazitoe kabla ya mlango kufungwa. Celtx ya Kanada ilianza kama programu ya bure ya kompyuta, yenye msimbo huria (yeyote anaweza kuusoma na kuubadili), kisha ikahamia kwenye huduma ya mtandaoni ya kulipia. Kibiashara ninauelewa uamuzi huo. Ila mwandishi wa Mwanza au Kisumu aliyezoea kufanya kazi bila bando aliachwa na programu ambayo haiendelezwi tena.

Njia ya tatu ilitokea mwaka 2012, pale mwandishi wa filamu John August na mtengenezaji wa filamu Stu Maschwitz walipotangaza Fountain. Hii si programu, ni namna ya kuandika skripti kwa maandishi matupu: faili linafunguka kwenye simu yoyote, linatumwa WhatsApp, na programu kama DubScript ya Android au Highland ya Mac hulipanga kwa sura ya kitaalamu. Programu moja ikifa, unahamia nyingine na skripti yako mkononi.

Hata hivyo Fountain ilibuniwa kwa Kiingereza, na hilo linaonekana haraka. Kichwa cha sini, yaani onyesho moja la filamu, hukitambua kwa INT (ndani) au EXT (nje). Ukiandika NDANI. DUKA LA MANGI – USIKU, haielewi. Na ukisahau kuacha mstari mtupu chini yake, duka linageuka mhusika na maelezo ya sini yanakuwa mazungumzo yake. Dawa ni kuanza na nukta:

.NDANI. DUKA LA MANGI – USIKU

Nukta moja si mzigo, lakini nani atamwambia kijana anayeanza leo? Tena maandishi matupu yanapwaya uzalishaji ukianza. Kurasa zilizofungwa, yaani zisizobadilishwa namba tena, na mabadiliko yanayotolewa kwa karatasi za rangi hayamo katika Fountain, na hapo ndipo programu ya kulipia ya Final Draft na faili lake la FDX huonyesha thamani yake.

Msimamo wangu ni kwamba kulipa kila mwezi ni haki iwapo faili linabaki langu, kwenye simu yangu, katika umbo ambalo programu nyingine inalisoma. Likikaa kwenye seva yao tu, siku kadi ikikataa kukatwa nimefungiwa nje ya kazi yangu mwenyewe, na bei hiyo siikubali hata ikiwa ndogo.

Pia nataka kujua fedha hizo zinafanya nini. Mapambo mapya huvuta wateja, ndiyo maana hutangulia. Mimi ningelipa kwa furaha ili NDANI na NJE zitambuliwe bila nukta, na ukurasa upimwe kwa A4 tunayochapia huku badala ya karatasi ya Letter ya Marekani, ambayo ni fupi zaidi. Tunakadiria dakika moja ya filamu kwa kila ukurasa. Karatasi ikikosewa, mtayarishaji anapewa urefu usio wa kweli, na siku za kupiga picha zinapangwa juu ya kosa hilo.