Ziki alipelekwa London. Halafu?

Rafiki, filamu ya Kikenya kuhusu Kena na Ziki, wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, ikitajwa huku Uingereza, mazungumzo huishia kwenye marufuku. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliizuia Aprili 2018. Septemba Mahakama Kuu ikailegezea kamba siku 7, zinazotosha sharti la Oscar la kuonyeshwa kwanza nchini mwake, na Wanairobi wakajaza ukumbi. Ziki hatajwi. Baada ya umati kuwapiga yeye na Kena, wazazi wake wanampeleka London. Wengi wetu ughaibuni tunaona hapo msichana ameokoka.

Ameokoka nusu. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachotumika dhidi ya wapenzi wa jinsia moja na chenye miaka 14 jela, ni urithi wa Waingereza, nao kwao walianza kuilegeza sheria yao mwaka 1967. Kwa hiyo ndiyo, huku polisi hawatamsumbua. (Kejeli ya kumkimbizia mtu kwa waliotuachia sheria hiyo sijui kama ilikusudiwa.)

Lakini angalia Kena alichonacho mtaani. Rafiki yake Blacksta na wenzake wa mpira. Kibanda cha Mama Atim, chai na umbea sahani moja. Duka la babake, anayegombea kiti kilekile na babake Ziki. Kila mtu anamjua kwa jina, na ndiyo sababu hana wa kumwambia. Mwongozaji wa filamu, Wanuri Kahiu, halisemi hilo kwa maneno. Anawanyima wasichana hawa mlango wa kufunga, mpaka wanaishia ndani ya gari bovu lililotelekezwa. Upweke wa nyumbani ni huo, wa macho mengi.

Huku mlango upo na ufunguo unao, ila hakuna anayebisha hodi. Kuonana na rafiki kunapangiwa tarehe wiki mbili kabla. Ukichoka na kimya hicho ukarudi kwa Wakenya wenzako, kanisani, kwenye chama cha kuchangiana, kwenye harambee ya msiba, unaukuta mtaa uleule, safari hii uko WhatsApp. Hapo mpenzi wako anageuka tena "rafiki yangu". Kahiu mwenyewe ameeleza kwamba jina la filamu limetoka huko: wapenzi wa jinsia moja hutambulishana hivyo. Neno hilo halihitaji viza.

Ndiyo maana naupenda mwisho wake kuliko wengi wanavyoupenda. Kena yuko peke yake kilimani, anasikia jina lake, mkono unamgusa begani. Ziki amerudi. Mwisho huo ndio Bodi ilitaka ubadilishwe.