Tope la magurudumu katika bonde la Papenoo

Karibu watu wote wa Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki kilicho chini ya Ufaransa, wanaishi ukingoni mwa kisiwa, kwenye ukanda mwembamba kati ya bahari na milima. Anayetaka kuona kilichomo ndani hupanda nyuma ya gari la 4x4, akaingia bonde la Papenoo kutoka kaskazini, akavuka mito, akapita mabwawa ya umeme na mabaki ya marae, yaani sehemu za ibada za kale, akielekea Ziwa Vaihiria upande wa kusini. Ni safari inayopendwa mno na wageni. Ndiyo maana anayedai iwekewe masharti, magari yaoshwe na idadi yake iwe na kikomo, huchukuliwa upesi kuwa mtu anayeuchukia utalii. Naona hatendewi haki.

Tuanze na wenye magari, maana hoja zao si za kubezwa. Njia ya Papenoo haikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ilichongwa ili mabwawa yajengwe, na ingekuwepo hata kama hakuna mgeni hata mmoja. Bonde lenyewe lina historia nzito. Watu waliishi humo kabla ya kuhamia pwani, na katika vita vya miaka ya 1840 dhidi ya Wafaransa, wapiganaji wa Tahiti walirudi nyuma kwenye mabonde ya ndani kama hili wakaendelea kupinga. Bila gari, simulizi hizo zingebaki za vijana wenye miguu imara. Mzee asiyeweza kupanda mlima naye ana haki ya kuuona, na mwongozaji mzaliwa wa kisiwa ana haki ya kulipwa kwa kukieleza kisiwa chake. Anayetaka safari zifutwe kabisa simuungi mkono.

Lakini anayedai masharti hazungumzii kelele wala moshi. Anazungumzia tope, na mbegu zinazosafiri ndani yake.

Mwaka 1937 mti uitwao mikonia, wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini, ulipandwa katika bustani ya mimea ya Papeari kwa sababu ya uzuri wa majani yake: makubwa mno, kijani juu na zambarau chini. Leo umetapakaa katika zaidi ya theluthi mbili za kisiwa. Kivuli chake kikishafunga, mimea ya asili chini yake hudhoofika na kutoweka. Mizizi yake haishiki ardhi kwa kina, kwa hiyo mteremko ukilowa unaporomoka kwa urahisi. Kati ya spishi 107 za mimea zisizopatikana popote ila Tahiti, wanasayansi walikadiria katika miaka ya 1990 kuwa kati ya 40 na 50 zimo hatarini kwa sababu ya mti huu mmoja. Siwezi kuipita takwimu hiyo haraka. Inakaribia nusu ya mimea ambayo Tahiti peke yake imepewa kuitunza, na spishi ikitoweka kwenye miteremko hii hakuna msitu mwingine duniani wa kwenda kuchukua mbegu yake.

Sasa tazama jinsi mti huo unavyosafiri. Huanza kuzaa ukiwa na miaka minne au mitano. Tunda lake dogo lina mbegu zinazokaribia 200, na hakuna inayofika milimita moja. Mbegu hizo zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Ndege huzisambaza, ni kweli, na hapo ndipo wengi husema hakuna haja ya kuyasumbua magari. Ila ndege hawavuki bahari kati ya Tahiti na visiwa vya Marquesas, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Mikonia ilipoonekana Nuku Hiva na Fatu Hiva, viwili kati ya visiwa hivyo, katika miaka ya 1990, walioshukiwa ni mitambo ya ujenzi na udongo ulioganda juu yake. Gari lililotoka Papenoo na tope kwenye ngao za matairi linaweza kupanda feri ya kwenda Moorea, kisiwa jirani, kesho yake.

Hoja nyingine ni kwamba tumeshachelewa, kisiwa kimejaa, tunaokoa nini? Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inasikika kama busara. Mwaka 2000 kuvu maalumu kutoka Brazili iliachiwa Tahiti ili kuushambulia mti huu. Haikuuangamiza, bali ilitoboa majani yake. Mwanga ukafika chini tena, na miche ya asili ikaanza kuota mahali ilipokuwa imepotea. Kisiwa kinachopona polepole kiasi hicho hakistahili kuongezewa mbegu mpya kila asubuhi.

Sharti la kuosha magari ni dogo: brashi, bomba la maji yenye nguvu, na dakika chache mdomoni mwa bonde. Huko Hawaii, ambako misitu ya ohia, mti wa asili wa huko, inauawa na ugonjwa wa kuvu unaosafiri pia kwenye udongo, wapanda milima wamewekewa brashi za viatu kwenye njia za msituni, bila milima yote kufungwa.

Haki inataka sharti hilo lisiwaangukie waongozaji peke yao. Wawindaji, malori ya mabwawa na magari ya kukodi yasiyo na mwongozaji hupita tope lilelile. Maji ya kuoshea yasiachwe yatiririke mtoni, maana yatabeba mbegu hizohizo hadi chini. Na kuosha wakati wa kushuka kuna uzito sawa na kuosha wakati wa kupanda, kwa sababu gari linaloshuka ndilo linaloelekea bandarini.