Epiphone haikuzaliwa kama tawi la Gibson

Makala mliyoichapisha inaieleza Epiphone kuwa chapa iliyoanzishwa na Gibson, kampuni ya Marekani ya kuunda magitaa, ili kuuza magitaa ya bei nafuu, na kauli hiyo haiitendei haki historia. Kabla ya mwaka 1957, iliponunuliwa na Chicago Musical Instruments, kampuni iliyokuwa ikimiliki Gibson, Epiphone ilikuwa mshindani wa kweli mwenye kiwanda chake New York, na ni kiwandani humo ambamo mpiga gitaa Les Paul, ambaye jina lake limo hadi leo kwenye gitaa mashuhuri la Gibson, aliunda gitaa lake la majaribio lenye gogo la mbao katikati. Hata baada ya ununuzi huo, magitaa ya chapa zote mbili yaliundwa kwa miaka mingi Kalamazoo, Michigan. Tulitazame gitaa la Epiphone Casino la miaka ya 1960: mwili wake wenye uwazi ndani na vinasa sauti vyake viwili vya P-90 (vifaa vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme) ni vya aina ile ile ya gitaa la Gibson ES-330, nalo lilipigwa na John Lennon, Paul McCartney na George Harrison wa bendi ya Beatles. Sifa ya unafuu ilishika mizizi baadaye, uzalishaji ulipohamia Japani. Namwomba mhariri airekebishe aya hiyo.