Mafaili 43 na Mpwa wa Masjala

Boksi ninalopangia kazi zangu za kila siku ni la karatasi za A4, limekatwa mfuniko. Ndani yake mna mafaili 43: 31 ya tarehe na 12 ya miezi. Kazi yenye siku yake inaandikwa kwenye kikaratasi na kutumbukizwa katika faili la tarehe hiyo. Mradi ambao zamu yake haijafika, mfano banda la kuku, unalala kwenye faili la mwezi. Mwezi ukikaribia unaufumua na kuvigawa vilivyomo kwenye tarehe. Alfajiri unachomoa faili la mbele kabisa, unamwaga vilivyomo mezani, unalirudisha tupu nyuma ya mafaili ya tarehe. Basi. Hata kujua leo tarehe ngapi si lazima, na hapo ndipo utamu ulipo.

Mama watoto hakuwahi kuligusa. Aliyeligusa ni mpwa wangu, aliyesomea utunzaji wa kumbukumbu na kuja kukaa kwetu wakati wa mafunzo kwa vitendo kwenye masjala ya ofisi moja ya mjini. Mimi nilikuwa nimekwenda msibani Tanga, mwisho wa Mei, Juni nikiwa nimeshaigawa. Boksi lilianza na 30 na 31, zikafuata 1 mpaka 29, kisha Julai, na Juni ya mwakani ndiyo iliyofunga mlango. Kwangu mimi huo ni mpangilio. Kwa mtu wa masjala ni uhalifu.

Niliporudi usiku wa tarehe 31 nilikuta mafaili yamevikwa majalada mapya ya kaki.

"Mjomba, nimekusaidia. Na lebo nimezibandika kwa ndani, kwa ajili ya usiri."

Tarehe 1 asubuhi nikachomoa la mbele: lipa maji, mpigie fundi bomba. Kila kitu mahali pake. Nikamsifu kijana mbele ya mama watoto.

Tarehe 2 kikaratasi kikasema: "Saa 11 jioni, ukumbi wa ghorofani, kikao cha harusi ya binti wa jirani. Nenda na mchango wote." Nikaoga, nikaenda. Kikao kipo kweli, soda zipo, ila jirani simwoni. Nikajua amechelewa.

"Karibu sana mzee. Upande wa bwana harusi au bibi harusi?"

"Bibi harusi," nikajibu, nikatoa laki yangu. Wakanipigia makofi na vigelegele. Dakika kumi hazikupita nikapendekezwa kuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya usafiri. Nilijaribu kukataa kwa adabu, na mtu akikataa kwa adabu kwenye kikao cha harusi huwa amekubali. Jina la bibi harusi nililisikia wakati wa sala ya kufunga. Halikuwa la binti wa jirani.

Tarehe 4: "Vipimo vya damu asubuhi. Usile wala usinywe chai tangu saa 2 usiku." Kwa kuwa jana yake nilikuwa nimekula saa 3, nikaamua kufidia kwa kwenda mchana. Nesi akaangalia kadi yangu, akaniangalia mimi ninayeyumba pale dirishani.

"Baba, miadi yako tarehe 12."

Tarehe 12 ilipofika, kikaratasi kikaniamuru niende kunywa supu ya pweza na wazee wa mtaa. Nikaitii, bakuli mbili na chapati. Nesi alipopiga simu nilikuwa natoa pilipili mdomoni.

Tarehe 13 ndiyo iliyoleta kilio. "Mpongeze mpwa kwa kumaliza mafunzo. Mpe nauli ya kurudi kwao." Nikamwita, nikampa mkono, nikamkabidhi bahasha. Kijana akaishiwa nguvu.

"Mjomba, mbona unanifukuza? Si namaliza tarehe 20?"

Tukaligeuza boksi zima mezani. Kumbe aliyaorodhesha mafaili kwenye kompyuta, "Faili 1", "Faili 2", akabonyeza kitufe cha kupanga, kisha akapanga boksi kwa kufuata orodha. Kompyuta ikikuta neno mbele ya namba inaweza kuyachukulia yote kuwa maandishi na kuyasoma alama moja moja: 1, 10, 11, mpaka 19, ndipo ije 2, halafu 20. Faili 2 likaangukia tarehe 12, faili 20 tarehe 13, na faili 9 tarehe 31, siku ambayo Juni haina. Kazi zangu za tarehe 9 zilikuwa zimefutwa duniani. Tarehe pekee iliyobaki mahali pake ni 1, ile niliyomsifia.

Na vikaratasi havikunishtua kwa kuwa havina tarehe. Faili ndilo tarehe yenyewe. Sasa kila kimoja kina tarehe kwa penseli kwenye kona ya juu kulia, na mafaili yanasomeka 01, 02, 03, lebo nje.

Miezi nayo aliipanga kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari. Ningeendelea kuchomoa kwa zamu, banda la kuku la Desemba lingejengwa Septemba, na ada ya shule ya Januari ningeilipa Novemba. Mwalimu mkuu angenibeba mabegani.

"Lakini mjomba," kijana akasema, machozi yameshakauka, "mwenye mafaili ndiye aliyesahau kuweka sifuri."

Nauli nikaichukua, nikairudisha kwenye faili 20.

Jirani bado hanisalimii vizuri, maana kikao chake cha tarehe 10 sikukiona. Wale wa ghorofani wao wananipigia kila jioni: wanataka Coaster mbili za Agosti, dereva asiyekunywa, na majina ya watakaokaa mbele. Nilipanga kujitoa kistaarabu wiki hii, lakini mama watoto ameshalipia sare.