Kabari ya Mchwa

Kitu cha kwanza kubeba unapokwenda kutembelea jengo lililotelekezwa si kamera wala tochi. Ni kabari. Mbili, za mpira, zile za kuzuilia mlango. Inasukumwa chini ya mlango kwenye ukingo ulio mbali na bawaba, kutoka upande ule mlango unakoelekea kujifunga, ili ukijaribu kufunga uzidi kuipanda na kujikaza wenyewe. Haya yote nilimweleza mpwa wangu njia nzima, kwa mifano na ishara za mikono, siku ambayo kabari zangu zilibaki ndani ya begi, begi likabaki chini, na mimi nikabaki juu.

Jengo lenyewe lilikuwa ukumbi wa sinema wa zamani, wa enzi za filamu zilizokuwa zikishika moto. Tulikuwa na barua ya mwenye jengo, na mzee mlinzi alituandika kwenye daftari lake pale getini, pole pole, kwa mwandiko wa mtu anayeheshimu kalamu: walioingia 2, saa 4:10. Wapo wanaoruka ukuta. Mimi siruki, wala si kwa uchamungu. Ukiteguka mguu mahali usipotakiwa kuwepo, unaogopa hata kupiga kelele za msaada.

Maandalizi yangu yalikuwa ya kutosha kuaibisha jeshi. Nilikuwa nimenyoa ndevu nilizozilea miaka sita, kwa sababu barakoa ya nusu uso, hata iwe na vichujio vya P3, daraja la juu la kuzuia vumbi, haishiki kwenye kidevu chenye nywele. Hewa inapita pembeni na vichujio vinabaki mapambo. Vumbi la majengo haya si la kuchezea. Vyumba vya projekta mara nyingi vilizungushiwa bodi za asbesto, na kinyesi cha njiwa kikikauka hubeba mbegu za kuvu zinazopenda mapafu. Barakoa ya kitambaa hapo inaficha sura tu.

Nikamsomea mpwa sheria. Tochi tatu kwa kila mtu. Kwenye sakafu ya mbao, kanyaga juu ya mistari ya misumari, kwani chini yake ndipo boriti ilipo, na ukishuku, tembea karibu na ukuta. Ukisikia kishindo, toka nje kwanza, maswali baadaye. Atakayetangulia kutoka amtumie dada yangu ujumbe. Dada ndiye mtu wetu wa nje, asipopata neno hadi saa 6 mchana ampigie mlinzi.

Halafu filimbi. Katika nchi nyingi milio mitatu maana yake ni mtu anayeomba msaada. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaona hilo halitoshi, nikatunga utaratibu wangu: mlio mmoja, "uko wapi?", miwili, "njoo", mitatu, "hatari, toka mbio, usigeuke nyuma."

"Mjomba," akasema mpwa, "tunakwenda kupiga picha au kuvamia nchi?"

Picha aliyoitaka ilikuwa nzuri kweli. Ukumbi mzima gizani, viti vimepangana kama meno yaliyooza, na juu kule nyuma vile vidirisha vinne vya chumba cha projekta viking'aa. Gizani namna ile unaweka kamera kwenye stendi, wepesi wa kunasa nuru ISO 100, tundu la lenzi f/8, unaiacha wazi sekunde 30, na mwenzako anakwenda kumulika pale unapotaka nuru ionekane. Mguu mmoja wa stendi ulikuwa umelegea. Nikatoa alenki mbili kwenye begi, vile vyuma vya pembe sita vya kukazia skrubu, ya milimita 4 na ya milimita 5, nikaukaza, nikazitumbukiza alenki mfukoni. Begi nikaliacha hapo chini kwa sababu ngazi ya kule juu ni nyembamba na begi hunasa. Nikapanda na tochi moja ya kichwani. Moja. Hesabu mwenyewe.

Chumba cha projekta cha zamani si chumba, ni sanduku la moto. Filamu za nitreti ya selulosi, zilizotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikishaanza kuwaka hazihitaji oksijeni ya nje. Zinatoa ya kwao. Unaweza kuizamisha majini ikaendelea kuungua. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1909 kwamba projekta lazima ikae kwenye chumba chake kisichopitisha moto, na nchi nyingi zikajenga kwa mtindo huo. Kila kidirisha kina kifuniko cha chuma kinachoning'inia juu yake kwenye mnyororo, na mnyororo umeshikwa na kipande cha aloi, yaani mchanganyiko wa metali, kinachoyeyuka kwenye joto la nyuzi 70 hivi. Moto ukianza, aloi inayeyuka, vifuniko vinashuka, watazamaji wanaokoka. Mlango nao una uzani wa chuma unaouvuta ujifunge. Na kwa fundi mitambo asiye na muda wa kusubiri aloi, karibu na mlango kuna kamba. Akiwa anakimbia anaivuta, na kila kitu kinaanguka kwa mpigo.

Yote hayo nayajua. Ningeweza kukuchorea.

Nilipofika juu nikakuta mlango umeshazuiwa. Kuna mtu, miaka mingi nyuma, aliuegemeza kwa kipande cha mbao nene kama mkono. Nikakisifu kwa sauti. "Huyu alikuwa mtaalamu," nikasema. Sikukigusa, kwa hiyo sikujua kwamba ndani yake hakuna mbao. Ni rangi ya nje tu, iliyobaki imeshikilia umbo kwa adabu. Mchwa walikuwa wamemaliza kazi yao na kuhama.

Nikasimama katikati ya chumba. Mpwa akapaza sauti kutoka chini: "Tayari, mjomba! Naanza!" Nikageuza kichwa kumulika vidirisha, nikaona pembeni ya mlango kamba inaning'inia, na mkono wangu ukaivuta.

Watu huniuliza kwa nini. Sijui nijibu nini. Kamba inaning'inia karibu na mlango, mkono unaona swichi ya taa. Jengo lisilo na umeme tangu sijui lini, na mimi nawasha taa.

Paa! Paa! Paa! Paa! Vifuniko vinne vilishuka kana kwamba vilikuwa vikinisubiri mimi tu. Ukuta ukatikisika, ile kabari ya mchwa ikawa unga, mlango ukaja taratibu, kwa heshima zote, na ulimi wa kitasa ukaingia mahali pake: *tik*.

Nikashukuru kwamba ndiyo imekwisha. Haikuwa imekwisha. Projekta za taa ya kaboni zilitoa moshi, hivyo kila moja ilikuwa na bomba la kupandishia moshi hadi paani. Mabomba hayo sasa yalikuwa nyumba za njiwa, za vizazi na vizazi. Mtikisiko ulipofika juu, mzigo wote ukakumbuka kwamba upo duniani na dunia inavuta vitu kwenda chini. Nilikuwa nimesimama sawasawa chini ya bomba la pili.

Hapo barakoa ililipa ndevu zangu.

Nilipofuta kioo cha miwani nikaenda mlangoni. Hakuna mshikio. Hakuna hata kile chuma cha mraba kinachopita katikati ya kitasa. Wezi wa vyuma chakavu walishavibeba pande zote mbili. Kumebaki tundu la mraba la milimita 8, na giza upande wa pili. Simu: hakuna mtandao, zege na chuma vimeuzima. Basi nikashika filimbi. Na mtu akiwa na hofu, mkono haufuati utaratibu uliotungwa asubuhi. Nikapuliza mitatu.

Chini nikasikia viatu. Vinakimbia. Nikafurahi, anakuja! Vikazidi kuwa vidogo.

Nikapuliza tena mitatu, kwa nguvu zaidi. Mlango wa dharura ukabamizwa. Kimya.

Yaani kijana alifanya kila kitu kama nilivyomfundisha. Kasikia kishindo, katoka. Kasikia milio mitatu, kakimbia bila kugeuka. Na alipofika nje akakumbuka sheria ya mwisho, akamtumia mama yake ujumbe: "Tumetoka salama." Tumetoka! Mtu wangu wa nje akaweka simu chini akaendelea na shughuli zake.

Nikapekua mifuko. Kalamu ikavunjikia tunduni, nikapoteza dakika kumi kuichokonoa. Ufunguo wa nyumba ulikuwa mwembamba. Alenki ya milimita 5 ikazunguka bure ndani ya tundu, maana chuma chembamba ndani ya mraba mkubwa hakina pa kushika. Nikakaa juu ya boksi la rili za filamu nikaitazama. Kisha nikafikiri: mraba wa milimita 8, kutoka kona hadi kona una milimita 11 na kitu. Alenki ya 4 na ya 5 zikilazwa pamoja ubavu kwa ubavu ni milimita 9. Zitaingia kwa mshazari, na nikizungusha zitanasa kwenye kuta za tundu. Nikaziingiza. Zikanasa. Ulimi wa kitasa ulikuwa umeganda kwa kutu, ukarudi nusu, ukagoma. Nikasukuma mlango kwa goti ili ulimi usikandamizwe na fremu, nikazungusha tena, nikarudia mara nane au tisa. *Tak*. Nikaegemea kwa bega dhidi ya ule uzani, nikatoka nikiwa nimebebana na mlango.

Nikashuka, nikatokea mlango wa dharura hadi uani, nikiwa mweupe kutoka utosini hadi kwenye buti, macho ya kioo, mdomo wenye vichujio viwili vya duara, taa ikiwaka katikati ya paji la uso saa tano na nusu mchana. Mzee mlinzi alikuwa amesimama na daftari. Nikainua mkono kumsalimu. Kupitia barakoa salamu yangu ilitoka kama mngurumo. Mzee akarudi kinyumenyume hadi ndani ya kibanda, akafunga, nikasikia anakomea.

Sikuweza kumfuata katika hali ile. Vumbi la namna hiyo halikung'utwi, linaloweshwa kwanza. Nikazunguka nyuma kwenye bomba, nikajimwagia maji na ovaroli yangu mwilini, nikaivua nikiigeuza ndani nje, nikaifungia kwenye mfuko wa plastiki, barakoa nikaivua mwisho kabisa. Nikaosha uso na mikono. Nikarudi ukumbini kuchukua begi na kamera iliyoachwa ikinitumikia peke yake. Picha ilikuwepo. Vidirisha vinne vimeng'aa, kama tulivyotaka, na kuanzia kwenye stendi hadi mlango wa dharura kuna mstari mmoja mweupe, umenyooka kama rula. Ni tochi ya kichwani ya mpwa wangu.

Nikaenda getini, safi, begi mgongoni. Mpwa alikuwa ng'ambo ya barabara, amekaa chini, ameshika kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akanitazama kwa kibanda kilichofunguka nusu. "Wewe umetokea wapi?"

"Mle ndani. Si uliniandika asubuhi?"

"Wale wametoka. Alitoka kijana, mbio. Kikatoka na kile cheupe. Wawili. Nimeshafunga hesabu."

"Mzee, kile cheupe ndiye mimi."

Akanitazama tena, kutoka juu hadi chini, akageuza kichwa kutazama kule nyuma kwenye bomba, akanyamaza muda mrefu. Kisha akafungua daftari, akakata kwa mstari mmoja nadhifu, na kuandika upya kwa ule mwandiko wake wa taratibu: walioingia 2, waliotoka 3.

"Mimi naandika ninachokiona," akasema, akanisogezea kalamu. "Tia sahihi. Na kile cheupe nacho kitilie."